Laini Ipo, Jina Halipo

Mei 6, 2024, Mto Mathare ukiwa bado umejaa tope na vipande vya mabati, Rais William Ruto alifika mtaa wa Mathare, Nairobi, akawaahidi waliopoteza makao Sh10,000 kwa kila familia, wakatafute pengine pa kuishi. Masika ya mwaka huo yaliua karibu watu 300 kote nchini. Serikali ilikuwa imeamuru kila anayeishi kwenye kingo za mito ahame, na pale ambapo maji hayakubomoa, matingatinga yalibomoa.

Kiasi hicho kina historia. Mwaka 2008, baada ya ghasia za uchaguzi zilizoua zaidi ya watu 1,100 na kuwafukuza mamia ya maelfu kwao, serikali ilianzisha Operesheni Rudi Nyumbani na kuwapa wakimbizi wa ndani Sh10,000 kwa kila familia za kuanzia maisha, pamoja na Sh25,000 kwa waliochomewa nyumba. Kati ya elfu kumi ya kwanza na ya pili ilipita miaka 16. Unga, kodi ya nyumba na nauli ya matatu ya kwenda Kayole vimepanda sana. Elfu kumi imebaki elfu kumi.

Hata hivyo asiyeijua Mathare asiidharau pesa hiyo. Chumba cha mabati hukodishwa kwa kati ya elfu mbili na elfu nne hivi kwa mwezi, na landilodi hutaka kodi ya mwezi wa kwanza pamoja na amana. Ukishatoa hizo, kinachobaki kinanunua godoro, jiko, sufuria na madaftari ya watoto. Mafuriko yanapotokea, wahisani hupeleka blanketi, unga, maji ya chupa na nguo kuukuu kwenye shule na makanisa yaliyogeuzwa malazi, na usiku wa kwanza vyote huhitajika. Kufikia wiki ya pili, aliyepewa blanketi nne huuza mbili kwa bei ya kutupa, maana hakuna landilodi anayepokea blanketi.

Hoja ya kuwapa watu pesa taslimu badala ya vitu imesimama hapo. Mwaka 1981 mwanauchumi Amartya Sen, aliyeshuhudia njaa ya Bengal ya mwaka 1943 akiwa mtoto, alionyesha kwamba watu wengi hufa njaa chakula kikiwa sokoni, kwa kuwa wamepoteza uwezo wa kukinunua. Eastlands, upande wa mashariki wa Nairobi, ni ushahidi wa kila siku. Korogocho ina soko lake, soko la Gikomba halifungi, na kila kichochoro cha Dandora kina kibanda cha mama mboga mwenye nyanya, vitunguu na sukuma wiki. Familia iliyohamishwa na mto au na bunduki ikilala njaa katikati ya vibanda hivyo, iliyokosekana ni pesa ya kuvifikia.

Kenya haikuisoma hoja hiyo vitabuni tu. M-Pesa ilizinduliwa Machi 2007, na mwaka uliofuata, ghasia zilipokuwa zimefanya barabara za Bonde la Ufa zisipitike kwa malori ya chakula, shirika la Concern Worldwide liliamua kutuma pesa kwa simu katika Bonde la Kerio. Umeme haukuwapo na simu zilikuwa chache. Kila familia ikapewa laini yake, na familia kumi kumi zikagawiwa simu moja ya pamoja na chaja ya jua. Ni miongoni mwa mara za kwanza kabisa duniani pesa za dharura kutumwa kwa simu ya mkononi.

Jambo hilo lilishuka Nairobi upesi. Bei ya unga ilipopaa mwaka 2008 na 2009, Concern na Oxfam zilianza kuwatumia wakazi wa Korogocho na Mukuru Sh1,500 kwa mwezi kupitia M-Pesa. Wengi wao hawakuwa wamekimbia popote. Njaa iliwafuata nyumbani. Lakini katika mitaa hiyohiyo, mlango kwa mlango nao, walikuwamo waliofukuzwa Bonde la Ufa na mitaa mingine ya jiji mwaka mmoja tu kabla, na shida mpya ya kazi hii ikaonekana: wapo waliostahili ambao hawakuwa na kitambulisho cha kitaifa, na bila kitambulisho hakuna laini, na bila laini hakuna pesa. Suluhisho lilikuwa kumtafuta ndugu au jirani wa kupokea kwa niaba.

Kabla ya kulifuata suala hilo la majina, kuna maswali mawili ambayo hayakosekani barazani. La kwanza: wakipewa pesa, si watanywa pombe? David Evans na Anna Popova wa Benki ya Dunia walikusanya tafiti kutoka mabara mbalimbali mwaka 2014 wakitafuta jibu. Kwa jumla hawakuona matumizi ya pombe na sigara yakipanda kwa sababu ya msaada wa pesa; katika tafiti kadhaa yalishuka. Walevi wapo, kama walivyopo miongoni mwa wenye mishahara, ila hatujasikia mtu akipendekeza mishahara ilipwe kwa mahindi.

Swali la pili ni la gharama. Mwaka 2011, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani (WFP) na watafiti walifanya jaribio kaskazini mwa Ecuador, katika miji waliyokimbilia raia wa Colombia. Wakimbizi hao walikuwa wamepanga vyumba katikati ya wenyeji maskini, kama ilivyo Kayole. Baadhi ya familia zilipewa pesa, nyingine vocha, nyingine chakula, vyote vya thamani ya dola 40 kwa mwezi. Makundi yote yalikula vizuri zaidi kuliko ambao hawakupewa kitu. Tofauti kubwa ilikuwa kwenye gharama ya kufikisha msaada: mgao mmoja wa chakula uligharimu zaidi ya dola 11, ule wa pesa dola tatu hivi. Kinachobaki kati ya 11 na tatu huliwa na magodauni, madereva na dizeli.

Na pesa haziishii kwa aliyezipokea. Huko Siaya, shirika la GiveDirectly lilitoa takriban dola 1,000 kwa kila familia kwa zaidi ya kaya 10,000, na watafiti wakazifuata pesa hizo kwenye vijiji 653. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2022 yalionyesha kwamba kila dola moja iliongeza uchumi wa eneo hilo kwa takriban dola mbili na nusu, huku bei zikipanda kwa kiasi kisichoonekana. Jirani hapo, Homa Bay, watu wengi walizikataa pesa za shirika hilohilo wakishuku kwamba ni za mashetani. Mtu anaweza kucheka, lakini wakazi wale walikuwa na sababu ya kushangaa: hakuna aliyewahi kuwapa kitu kikubwa hivyo bila kutaka kura.

Basi ikiwa pesa zinafanya kazi, na mawakala wa M-Pesa wamejaa kila kona kuanzia Kariobangi hadi Komarock, kwa nini aliyehama akaishia Eastlands ndiye hukosa? Jibu liko kwenye orodha.

Msaada wa dharura ulizoea kambi. Kambini watu wako kwenye mistari, mahema yana namba, na afisa anaweza kuhesabu vichwa kabla ya jua kuwa kali. Baada ya 2008, waliokaa kwenye mahema ya Nakuru na Uasin Gishu ndio walioonekana kwenye magazeti na kwenye bajeti. Kulikuwa na wengine, wengi karibu kama hao, waliokimbilia kwa shangazi Huruma, kwa kaka Umoja, au kwenye chumba cha kupanga Mathare. Wakaitwa wakimbizi waliojichanganya na jamii. Mwaka 2013 serikali ilipotaka kufunga kambi zilizobaki, kila familia ya kambini iliahidiwa Sh400,000. Waliojichanganya waliendelea kusubiri kwa miaka, na kuna waliolalamika kwamba hawakupata hata senti. Aliyekataa kulala kwenye hema akaonekana kama hakupoteza kitu.

Sheria haina lawama sana katika hili. Sheria ya Wakimbizi wa Ndani ya mwaka 2012 inawatambua waliohamishwa na ghasia, na majanga, na hata miradi ya maendeleo. Mwishoni mwa mwaka 2021 matingatinga yalipobomoa makazi ya makumi ya maelfu ya watu Mukuru kwa Njenga kupisha barabara, waathiriwa walikuwa wakimbizi wa ndani kwa maana yoyote ya sheria hiyo. Wengi walijenga vibanda vya mifuko juu ya vifusi vyao wenyewe, wakihofia kwamba wakiondoka, hata pale pa kuhesabiwa watapapoteza.

Wakimbizi wa kutoka nje wako kwenye hali hiyohiyo, tena yenye uzito zaidi. Kenya ina wakimbizi na waomba hifadhi zaidi ya 800,000. Wengi wako katika kambi za Dadaab na Kakuma, lakini zaidi ya 100,000 wanaishi mijini, hasa Nairobi. Eastleigh ni ya Wasomali na Waoromo kutoka Ethiopia. Kayole na Umoja wamo Wakongomani wanaoshona vitenge, kusuka nywele na kuchuuza mtaa kwa mtaa. Kiswahili chao cha Bukavu na Uvira huwatambulisha hata kabla hawajataja watokako.

Kanuni ya miaka mingi imekuwa kwamba msaada uko kambini, na anayechagua jiji ajitegemee. Desemba 2012 serikali iliamuru wakimbizi wote wa mijini warudi kambini. Kituo cha Sheria kikaenda mahakamani, na Julai 2013 Jaji David Majanja akaifuta amri hiyo. Aprili 2014 ikaja Operesheni Usalama Watch: maelfu wakakamatwa, Eastleigh ikiwa kitovu, na wengi wakazuiliwa katika uwanja wa Kasarani. Mwaka mmoja kabla ya hapo, Human Rights Watch ilikuwa imechapisha ripoti kuhusu polisi waliowapiga na kuwatoza hongo watu wasiopungua 1,000 huko Eastleigh ndani ya wiki kumi hivi. Mpango wowote wa kuwapa wakimbizi wa mijini pesa taslimu lazima ukumbuke kwamba kuna mikono mingine inayozisubiri gizani.

Eastleigh, hata hivyo, haikungoja mashirika iijue kazi ya kutuma pesa. Hawala zake, maduka ya kutuma pesa kwa kuaminiana, zilikuwa zikiwahudumia Wasomali kabla M-Pesa haijazaliwa. Njaa ilipoikumba Somalia mwaka 2011, maeneo mengi yakiwa chini ya al-Shabaab, mashirika ya misaada yalitumia mtandao huohuo wa hawala kufikisha pesa mahali malori yasipoweza kukanyaga. Miaka minne baadaye, baada ya shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa, serikali ya Kenya ilizifungia kampuni 13 za hawala, ikaziruhusu tena mwezi Juni 2015. Kwa miezi miwili hiyo, familia nyingi zilizokuwa zikiishi kwa dola 100 za mjomba aliye Minneapolis zilibaki kuzungusha deni la duka.

Sasa tazama safari ya pesa ya msaada hadi kwa mkimbizi wa Kayole. Shirika linamchagua baada ya kumtembelea nyumbani na kuuliza anakula mara ngapi, analala na wangapi, nani anafanya kazi. Linachukua jina na namba ya simu. Kisha linailinganisha namba na jina kwenye mfumo wa kampuni ya simu, na hapo wengi hukwama. Kusajili laini kunahitaji kitambulisho. Mkimbizi hutumia kadi yake, ambayo mtaani huitwa "alien". Kadi hiyo huchukua muda mrefu kupatikana na huisha muda wake. Aliyebaki na karatasi ya usajili tu huomba jirani Mkenya amsajilie laini kwa jina lake. Orodha ina jina moja, laini ina jingine, na pesa hurudi zilikotoka. Ikiwa zimepita, basi mwenye laini kisheria ni jirani, na siku wakikosana mkimbizi hana pa kushtaki. Usajili mpya wa laini uliofanyika nchini mwaka 2022 uliwakumbusha wengi kwamba namba wanayoitumia kila siku si yao.

Orodha ina ugonjwa wa pili, nao unawapata wenye vitambulisho pia. Wakati wa korona mwaka 2020, serikali ilituma Sh1,000 kwa wiki kwa familia maskini za Nairobi. Majina yalitoka kwa machifu, wazee wa mitaa na viongozi wa Nyumba Kumi. Mwaka 2021 Human Rights Watch iliripoti kwamba mpango huo ulifikia chini ya asilimia tano ya familia zilizohitaji jijini, na kwamba baadhi ya waliopewa jukumu la kuandika majina waliandika jamaa na marafiki. Mtandao wa M-Pesa ulifanya kazi yake: ulimpelekea binamu wa mzee wa mtaa elfu moja yake. Katika kipindi hichohicho, Oxfam na washirika wake, wakiwemo Msalaba Mwekundu wa Kenya na Concern, kwa fedha za Umoja wa Ulaya, walituma Sh7,668 kwa mwezi kwa maelfu ya kaya za mitaa hiyohiyo.

Mashirika nayo yasijione malaika. GiveDirectly iligundua kwamba mwaka 2022 baadhi ya wafanyakazi wake huko Kivu Kusini, Kongo, walikuwa wameiba karibu dola 900,000. Kwa kawaida anayesajili familia hawi ndiye anayesajili laini. Kwa sababu ya vita, kanuni hiyo ililegezwa, na laini zikaandikishwa kwa faida ya wezi. Shirika lilitangaza wizi huo lenyewe, jambo ambalo ni wizara zetu chache huthubutu kulifanya.

Kambini mambo yalikuwa yameanza kufanana na mjini. Kuanzia mwaka 2015, mpango wa Bamba Chakula wa WFP uliwapa wakimbizi wa Kakuma laini maalumu zenye salio la kununulia chakula kwa wafanyabiashara walioidhinishwa. Katika makazi jirani ya Kalobeyei, mwaka 2019, masharti yakaondolewa na pesa zikapitia akaunti za Equity Bank. Watafiti wa Oxford wakakuta familia nyingi zimezama kwenye deni, kadi za benki zikiwa zimeachwa dukani kama dhamana. Mwenye duka alizijua tarehe za malipo kuliko mwenye kadi. Kosa halikuwa la pesa taslimu: kiasi kilikuwa kidogo, kikichelewa, na tumbo halisubiri tarehe. Tanzania ilikwenda njia nyingine. Jaribio la pesa katika kambi ya Nyarugusu, Kigoma, lililoanza mwishoni mwa mwaka 2016, lilisimamishwa na serikali mwaka uliofuata.

Kisha ukaja mwaka 2025. Marekani, iliyokuwa mfadhili mkubwa kuliko wote, ilisimamisha misaada ya nje Januari 20. Machi kukazuka maandamano Kakuma dhidi ya kupunguzwa kwa chakula. Kufikia katikati ya mwaka, mgao ulikuwa asilimia 28 ya unaostahili na malipo ya pesa yamesimama. Baadaye wakimbizi wakagawanywa katika makundi kulingana na uhitaji, na waliohesabiwa kuwa wanajiweza wakaondolewa kwenye mgao wa chakula. Kwa mara nyingine hatima ya mtu ikawa safu aliyoandikiwa jina lake.

Mwezi huohuo wa Machi, Rais Ruto alizindua Mpango wa Shirika, unaokusudia kuzigeuza kambi kuwa makazi ya pamoja ya wakimbizi na wenyeji. Jicho limeelekezwa Turkana na Garissa, ziliko kambi hizo. Eastlands imekuwa makazi ya pamoja kwa miaka 30 bila mpango wowote, na hapo kuna somo la kuchukua. Jirani Mkenya wa Kayole anayepambana na kodi ileile huuliza, "mbona wao?" Swali lake ni halali, na Kampala imelijibu kwa vitendo. Huko, wafanyabiashara wadogo wa Uganda walipewa ruzuku na kuelezwa kwamba imepatikana kwa sababu ya kuwapo kwa wakimbizi. Uungaji mkono wao kwa haki ya wakimbizi kufanya kazi ulipanda, na haukuyeyuka pesa zilipokwisha. Mpango wa Re:BUiLD wa shirika la IRC, ulioanzishwa Nairobi na Kampala, nao uligawa nafasi zake kati ya wakimbizi na wenyeji.

Pesa taslimu hazitampa mtu wa Mathare hati ya ardhi wala kuuzuia mto, na ahadi ya elfu kumi isitumiwe kuficha ubomoaji usio na notisi. Lakini kama serikali imekubali kwamba pesa ndiyo msaada, basi itengeneze orodha kama jambo la umma: ibandikwe kwenye ofisi ya chifu na kwenye kuta za kanisa na msikiti, isomwe barazani mbele ya wanaofahamiana, na iwe na siku za rufaa. Kiasi kipimwe kwa kodi ya leo. Idara ya Huduma kwa Wakimbizi iharakishe kadi, na karatasi ya usajili itambuliwe kwa kusajili laini. Masika huanza Machi. Majina ya wanaoishi kando ya mto yanaweza kuandikwa Januari, watu wakiwa bado wana milango ya kubishwa.

Na wewe unayeishi kule, mwenyeji au mgeni: hakikisha jina lililo kwenye laini yako ni lile lililo kwenye kitambulisho au kadi yako, herufi kwa herufi. Namba ya siri ya M-Pesa usimpe mwenye duka. Usajili wa msaada haulipiwi, na yeyote anayetaka mia mbili ili akuandike anakuibia.